Nililala siku tatu kwa masista wa Chipole

Mleta mada, umeuliza kama asiye Mkatoliki anaweza kulala kwa masista Wabenediktini, na kama atalazimishwa kusali. Mimi Mlutheri. Nimelala siku tatu Chipole, Songea vijijini, na hakuna aliyeniuliza cheti cha ubatizo.

Getini sista mmoja mzee alinisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu, "Bwana asifiwe!" Akacheka, akalidaka begi langu kabla sijamzuia. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani mwongozo wa maisha wanaoufuata, sura ya 53, inataka mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Baadaye nikajua kumbe hata bawabu ana sura yake, ya 66: mlangoni akae mzee mwenye busara. Na mimi nilidhani kapewa geti kwa kuwa hawezi tena jembe!

Usitegemee stori za usiku. Baada ya Sala ya Mwisho ni kimya mpaka unasikia saa yako ya mkononi. Alfajiri kengele. Zaburi zinaimbwa kwa Kiswahili, upande mmoja unatoa, wa pili unapokea, taratibu, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Asubuhi ya kwanza nilienda kwa sababu usingizi ulishakatika. Jioni nilirudi kwa kupenda.

Siku hiyo nilitaka kuosha sahani yangu, wakanikatalia. Kesho yake nikazunguka nyuma ya jiko, nikakuta manovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, wanachambua maharage, nikavuta kigoda. Safari hii hawakunifukuza. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa, na maongezi yote niliyoyapata kule niliyapata pale penye ungo.

Halafu wanaosema masista ni kusali tu: shirika lile la Mtakatifu Agnes, lililoanza 1938, linalea yatima, linalima, na lina mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, mto Ruvuma, megawati 5. Umeme wanawauzia TANESCO.

Piga simu kabla, ufike mapema, na kama ni Juni au Julai beba sweta. Bei hawakunitajia, niliambiwa "utakachojaliwa". Usilitumie vibaya neno hilo: piga hesabu ya gesti ya mjini, ongeza kidogo, weka kwenye bahasha. Mimi nilibeba na mbegu za chainizi. Bahasha walinishukuru, mbegu waliitana kuja kuziona.