Kutoa gundi ya lebo: petroli iache, anza na mafuta ya kupikia

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama petroli inafaa kutoa gundi inayobaki ukishabandua lebo, maana una mitungi ya kioo na makopo ya plastiki, na maji ya moto na sabuni vimeshindwa. Wachangiaji wamekujibu kwamba petroli inatoa mara moja. Kutoa inatoa kweli, ila nakuomba sana usiifanyie kazi hiyo ndani ya nyumba.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye joto la jikoni inatoa mvuke muda wote kopo likiwa wazi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni usiuone, na ukikutana na mwali wa jiko hata hatua kadhaa kutoka ulipokaa, moto unarudi kwa njia hiyohiyo mpaka kwenye kitambaa ulichoshika. Isitoshe, petroli ina benzeni, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu, na unaivuta puani huku mikono imelowa. Gundi ya lebo haistahili hatari yote hiyo.

Mimi mitungi iliyokwishatumika naisafisha mara kwa mara, naweka viungo, vifungo, misumari. Nilichojifunza ni kwamba usianze kuuliza kipi kinayeyusha gundi. Uliza kwanza gundi imekaa juu ya nini. Gundi inatoka kwa vitu vingi, lakini plastiki ikishaharibika hairudi.

Hili nililijua kwa hasara. Kwenye mizani yetu ya jikoni kulikuwa na stika iliyobaki ukingoni mwa kile kidirisha cha plastiki kinachoonyesha namba. Nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, nikalowesha pamba na kufuta. Mara ya pili tu pamba ilianza kunasa. Kuinua, nyuzi zake zimezama ndani ya plastiki, na kidirisha kimekuwa cheupe kama kioo kilichopumuliwa. Namba hazikusomeka tena.

Asetoni huyeyusha plastiki za aina hiyo: polistireni, akriliki, polikaboneti na ABS inayotengenezewa maganda ya vifaa vya umeme. Geuza makopo yako uangalie namba iliyo kwenye pembetatu kitakoni. Ukiona 6 ni polistireni, usiiguse na asetoni. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingine, nayo iachie mbali. Namba 2 na 5 huvumilia zaidi. Kama hakuna namba, jaribu tone moja la unachotaka kutumia mahali pasipoonekana na usubiri dakika chache.

Sasa njia yenyewe. Bandua karatasi yote kwanza, kwa sababu lebo nyingi zina utando wa plastiki juu unaozuia chochote kisipenye. Ukipasha lebo joto kwa drayaa ya nywele, au ukijaza maji ya moto ndani ya mtungi (usimimine yanayochemka kwenye kioo baridi, mtungi utapasuka), gundi inalegea na lebo inatoka nzima. Kisha paka mafuta ya kupikia juu ya gundi, uyaache nusu saa au zaidi. Gundi nyingi za lebo asili yake ni kama mpira, maji hayaingii humo ila mafuta yanaingia na kuua ule mnato. Baadaye sugua kwa kidole gumba. Utaona gundi inajikunja vijinyuzi vya kijivu, kama taka za kifutio cha penseli. Hapo imekwisha. Kwangua kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu wala stilwaya, halafu osha kwa sabuni ya vyombo mara mbili mpaka utelezi uishe. Mafuta usiyapake kwenye mbao isiyopigwa vanishi wala kwenye jalada la kitabu, yataacha doa.

Mafuta yakishindwa, huenda gundi ni ile ya akriliki, angavu na ngumu kidogo. Hapo natumia spiriti ya asilimia 70, au kitakasa mikono chenye alkoholi, ambacho ni kizito na hakitiririki. Spiriti nayo inawaka, basi zima jiko, fungua madirisha, mimina kidogo tu kwenye kitambaa. Usiipitishe kwenye vanishi au kwenye plastiki ya akriliki, inaweza kuifanya ipasuke mistari midogo midogo. Asetoni naibakizia kioo na chuma kisichopakwa rangi, nje ya nyumba. Siki haina msaada mkubwa kwa gundi ya aina hii.

Mafuta ya taa hayawaki upesi kama petroli, lakini harufu yake haitoki kirahisi, na ninayaogopa kwa sababu ya watoto. Tafadhali kiyeyushi chochote usikiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa, yakipotea njia yakaingia kwenye mapafu yanaweza kumuua, na ndiyo maana hatapishwi, anakimbizwa hospitali.

Jingine, spiriti, asetoni au siki usivichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Zinatoka gesi za sumu. Vitambaa vilivyolowa spiriti au asetoni vitandaze nje vikauke, usivifinyange kwenye pipa la taka.

Tuandikie hapa namba zilizo chini ya makopo yako, na kama gundi yenyewe ni ya njano inayovutika au ni angavu. Nitakuambia uanzie wapi.