Maswali ya Wasomaji: Moduli za sinthesaiza, kuunga mwenyewe au kununua zilizokamilika?

Shikamooni. Napiga kinanda kwenye kwaya hapa Njiro, Arusha, na nimevutiwa na sinthesaiza (vyombo vya umeme vya kutengeneza sauti) za moduli, zile za kuunganisha kwa nyaya. Moduli ileile inauzwa kwa namna mbili: imekamilika, au bodi na vipande kwenye vifuko ili mtu alehemu mwenyewe, kwa bei ya chini. Sijawahi kushika pasi ya kulehemu. Nianze na ipi?

Marahaba. Anza na zote mbili, ila ujue ipi ununue na ipi uunge. Kitengo cha umeme kinunue kimekamilika, na osileta (moduli inayozalisha sauti) ya kwanza vilevile. Halafu unga mwenyewe moduli ya kugawa ishara, kisha mixa, kisha VCA (kikuza ishara kinachoongozwa kwa volti).

Kitengo cha umeme kikikosewa kinaweza kuua kila kilichochomekwa ndani yake. Osileta nayo, ikigoma kukaa kwenye noti, itakuchanganya: hutajua kama kosa ni la lehemu au ni la kuipanga tu. Moduli ya kugawa ishara ni jeki (matundu ya kuchomekea nyaya) na nyaya basi, haihitaji hata umeme. Na ukishakuwa na osileta inayolia vizuri, kila moduli utakayoiunga utaipima kwa masikio.

Usiunge kwa sababu ya fedha peke yake. Kwa moduli moja au mbili, kile ulichookoa kinaishia kwenye vifaa: pasi yenye kurekebisha joto, mita, koleo ya kukatia miguu, pampu ya kunyonya lehemu. Nafuu huja ukishaunga kadhaa. Kwenye forodha, VAT ya 18% hupigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru, kwa hiyo seti (bodi na vipande vya kuunga) ya bei ndogo hutozwa kidogo pia.

Faida kubwa kwa mtu wa Arusha ni matengenezo. Moduli iliyokamilika ikifa, aliyeiunda yuko Ulaya au Marekani, na gharama ya kuituma na kuirudisha inaweza kukaribia bei yake. Ile uliyoiunga una mchoro wake na unajua kila kipande kilipokaa. Aisi (IC) ya TL072, ile ya kukuza ishara, ikiungua, unaichomoa kwenye soketi na kuweka nyingine kwa dakika moja. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida dhamana ya seti hukoma pale pasi inapogusa bodi.

Seti zenye vipande vidogo vya kubandikwa juu ya bodi ziache kwanza, au chagua zile ambazo vipande hivyo vimeshalehemiwa kiwandani.

Kabla ya kulipa, hakikisha zote ni za mfumo wa Eurorack, ambao Dieter Doepfer wa Ujerumani aliuanzisha katikati ya miaka ya 1990. Paneli zina urefu wa mm 128.5, na upana huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho HP, kila moja mm 5.08. Reli ya HP 84 ni karibu sm 42.7. Seremala yeyote mzuri atakutengenezea kasha la mbao ukimpa vipimo hivyo na kina cha ndani, tuseme sm 7. Umeme wa volti 230 usiingie kwenye kasha hilo hata kidogo. Uishie nje kwenye adapta.

Sasa lehemu yenyewe. Tumia ya 60/40 au 63/37 (bati kwa risasi), unene wa mm 0.7 hadi 0.8, yenye ulimbo ndani. Asidi ya kulehemea mabati usiisogeze karibu na bodi, inakula shaba. Pasi iwe nyuzi 330 hadi 350. Ncha iguse mguu wa kipande na duara la shaba kwa pamoja, hesabu moja, mbili, ndipo usogeze lehemu upande wa pili wa mguu. Ikiyeyuka vizuri inatambaa yenyewe na kuuzunguka mguu kama kichuguu kidogo kinachong'aa. Ikibaki kidonge cha mviringo kilichofifia, umeyeyusha lehemu juu ya shaba ya baridi; ipashe moto tena. Anza na vipande vifupi: rizista na diodi, kisha soketi za aisi, kapasita, na mwisho jeki na volyumu. Hizi za mwisho zipachike kwenye bodi bila kulehemu, valisha paneli, kaza nati, ndipo ulehemu. Ukilehemu kabla ya paneli, matundu hayatalingana.

Habari za kazi. Mimi ni fundi redio, Moshi mjini. Nimemuungia mteja mixa ya njia nne. Nikiichomeka, taa za moduli zote zinafifia. Nikiichomoa, zinarudi. Lehemu nimezikagua, zote safi.

Nzuri, fundi. Taa zote zikififia maana yake mixa yako inavuta umeme kupita kiasi, na kitengo cha umeme kinajilinda. Usiichomeke tena kwanza.

Tazama mkanda wa nyaya. Ule mstari mwekundu ni upande wa −12V, na kwenye bodi upande huo huwa umewekewa alama. Kwenye plagi ya pini 10, ukigeuza mkanda, +12V na −12V zinabadilishana nafasi. Bodi yenye diodi zilizopangwa mfululizo na njia ya umeme haitapokea chochote na itapona. Yenye diodi zilizolazwa kati ya umeme na ethi (volti 0) itavuta mkondo wote, na ndiyo dalili unayoieleza. Isiyo na diodi kabisa huwa inaua aisi.

Kama mkanda uko sawa, chomoa aisi zote kwenye soketi na upime kwa mita, umeme ukiwa umezimwa: +12V na ethi, kisha −12V na ethi. Namba ikianzia chini na kupanda ni kapasita zinajaa, hiyo ni kawaida. Ikiganda chini ya omu chache, kuna shoti. Angalia kapasita za elektroliti: mstari pembeni ni hasi. Kosa la mara kwa mara liko kwenye njia ya −12V, kwa sababu huko mguu *chanya* ndio unaokwenda ethi, na mkono wa fundi wa redio umezoea hasi kwenda ethi. Ukikuta iliyogeuzwa, itupe, hata kama haijavimba.

Ikitulia, washa bila aisi. Kwenye soketi ya TL072, mguu wa 8 usome karibu +12V na wa 4 karibu −12V; ukipata 11.7 ni diodi imekula kidogo. Ndipo urudishe aisi, kijishimo kikielekea upande uliochorwa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa ni mixa. Rizista ya 100k ya asilimia 1 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, machungwa, kahawia. Ya 10k inatofautiana kwa mstari mmoja tu: nyekundu mahali pa machungwa. Ukiweka 10k kwenye mlango wa kuingilia huku ya kurudishia ni 100k, ishara inakuzwa mara kumi. Volti 5 zinataka kuwa 50, umeme ni wa 12, basi sauti inakatwa kichwa na kukwaruza. Pima kila rizista kwa mita kabla ya kuiweka; usiamini macho chini ya taa ya njano.

Swali lingine kutoka Moshi. Osileta niliyoiunga inalia sawa chini, lakini juu inapanda kupita noti. Asubuhi ya Julai hapa Moshi, kukiwa na baridi, inalia tofauti na mchana. Nifanyeje?

Iache ikiwa imewashwa ndani ya kasha kwa dakika 30 kwanza. Kisha pima kwa mita volti inayotoka kwenye kinanda chako kuiongoza osileta: oktavu moja iwe volti 1.000 kamili. Kikikosea volti 0.01, hiyo ni senti 12 za muziki (senti 100 ni nusu toni), na bila kujua utaipanga osileta kwa kufuata kosa la kinanda.

Weka noti ya chini kwenye Hz 110, panda oktavu tatu, usome. Inatakiwa 880. Ikizidi, geuza trima (kirekebishi kidogo kilicho kwenye bodi) kidogo kushusha, rudi chini urekebishe 110, panda tena. Rudia mara tano au sita.

Kuhusu baridi: mwitikio wa transista zinazogeuza volti kuwa noti hubadilika kwa karibu 0.33% kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 10 ni 3.3%, na kwa oktavu tatu hiyo ni zaidi ya nusu toni nzima. Ndiyo maana seti nzuri zina rizista maalumu inayobadilika na joto, ya 3300 ppm (yaani 0.33% kwa kila nyuzi), ikiegemezwa kwenye transista hizo. Kagua kama yako imezigusa kweli. Ikiwa imesimama peke yake hewani, ilaze iziguse, weka tone la mafuta ya kupitisha joto, upange upya.