Kipande Huvusha Mpaka, Hakitoi Makao

Tulipohamia Kampala kutoka Mombasa, dhana yetu ilikuwa ya Wakenya wengi: sisi ni Afrika Mashariki, kipande, yaani kitambulisho cha taifa, kiko mfukoni, nani atatuuliza? Na kweli, mtu mzima huvuka kwa kipande tu, wala viza halipi. Lakini kuvuka ni jambo moja, kuishi ni la pili, na kufanya kazi ni la tatu. Kila moja lina karatasi yake.

Nianze na muhuri. Tulifika mpakani saa tisa usiku, kitinda mimba amelala begani. Sisi tulikuwa na pasipoti, zikagongwa, nikazizoa zote, nikakimbilia basi. Wiki kadhaa baadaye, nikitafuta pasipoti ya mkubwa nimwandikishe shule, ndipo nikaona: sisi wengine tumeandikiwa miezi mitatu, yeye mwezi mmoja. Na siku zilizoandikwa ndizo zinazohesabiwa. Tangu hapo sitoki dirishani kabla sijasoma kila muhuri, na wa nyuma yangu kwenye foleni wanisonye watakavyo.

Sasa kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, inamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu autie saini. Mkenya hatozwi ada ya kibali hicho Uganda, na hapo ndipo wengi hujikwaa, wakidhani kutolipa ni kutoomba. Kibali cha bure nacho ni kibali, usipokiomba, huna. Maombi hufanywa mtandaoni, na uchague daraja lako vizuri: mwajiriwa ni G, mfanyabiashara ni D. Cheti cha tabia njema kichukue ukiwa bado nyumbani. Mimi nilirudi Mombasa kwa basi, kwenda na kurudi, ili nichukuliwe alama za vidole tu. Vidole hivi hivi nilivyokuja navyo.

Lililotutoa jasho hasa ni la mwaka wa tatu. Baba watoto alipata kazi nzuri zaidi kampuni nyingine, tukachinja kuku. Hatukujua kuwa kibali chake kimefungwa kwa mwajiri wa kwanza, na vibali vyetu vya utegemezi vimefungwa kwa kibali chake. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba: siku alipoacha kazi, mimi na watoto wawili tulibaki hatuna pa kushika. Tungeuliza kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, tungepanga tarehe. Badala yake tukamwendea kishoka mmoja aliyejidai ana watu wake ndani. Akala pesa, simu ikazimwa. Tuliishia kuomba upya sisi wenyewe, na kumbe hapakuwa na uchawi wowote, ni karatasi kamili na subira.

Akina dada, hili ni lenu. Kibali cha mtegemezi hakikuruhusu kufanya kazi. Baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, nilianza kutafutwa nifundishe. Mkuu wa shule moja akaniambia, "Nnyabo, anza tu Jumatatu, karatasi zitafuata." Nilitamani, sitaki kusema uongo. Nikamjibu karatasi zitangulie, mimi ndiye nitakayefuata. Alininunia kidogo, kisha akaandika barua ya kuniombea kibali changu mwenyewe.

Siku hizi nina daftari jikoni, kando ya kopo la chai. Kila mtu ana ukurasa wake: pasipoti inaisha lini, kibali kinaisha lini, nani kakipewa kwa mgongo wa nani. Miezi mitatu kabla ya tarehe natia alama nyekundu. Ukurasa wa kitinda mimba umeshawekwa alama, kwa hiyo Jumatatu ni picha, fotokopi na foleni.