Meno hayaharishi mtoto

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 7, meno ya chini yanachomoza. Tangu juzi anaharisha majimaji mara 5 au 6 kwa siku, na jana alitapika. Mama mkwe anasema ni meno tu, yatapita. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Nimsikilize nani?
Mama wa kifungua mimba, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole na kuuguza. Meno hayaharishi. Ila huota wakati uleule mtoto anapoanza uji, anatambaa na kupeleka mdomoni kila anachookota, huku kinga aliyozaliwa nayo ikipungua. Ndiyo maana meno yanasingiziwa. Na hayo ya plastiki ni chonge zake halisi ambazo hazijatoka. Kuyang'oa kunamwachia kidonda, damu na maambukizi, na tumbo linaendelea vilevile. Tunakusihi, asiguswe.

Hatari iko kwenye maji na chumvi zinazomtoka. Nunua ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na usome pakiti: nyingi ni za lita 1, nyingine nusu lita. Koroga pakiti nzima katika kiasi hicho cha maji yaliyochemshwa yakapoa, ukipimia chupa ya lita au ya nusu lita kulingana na pakiti, kamwe usigawe unga kwa kukisia kikombeni. Chumvi ikizidi inamkausha zaidi. Kila baada ya choo cha maji mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Maji ya ORS yakifikisha saa 24, mwaga utengeneze mengine.

Mpe na zinki: kidonge cha miligramu 20 kwa siku, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maziwa yako, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha tumbo likitulia, na hapo ndipo wanapokosea, kwani dozi kamili hupunguza kuharisha tena miezi inayofuata. (Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge.) Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na uji uendelee. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima asipewe.

Mpeleke kituoni mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, ulegevu, kushindwa kunyonya, au anatapika kila kitu. Finya ngozi ya tumbo: ikirudi polepole, amekaukiwa.

SWALI: Wangu ana wiki 5, pua imeziba, akinyonya anaachia. Nimpake dawa ya kuchua?

JIBU: Hapana, yenye mentholi inaweza kumbana pumzi. Tone 1 au 2 za maji ya chumvi ya dukani kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, kisha futa kwa kitambaa laini. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika 1 nzima. Zikifika 60, rudia. Zikiwa 60 au zaidi tena, au akipata homa yoyote, hospitali usiku huohuo.