Mikwaruzo kwenye rangi ya mati: fundi anajibu

*Shikamoo fundi. Mtoto kapita na baiskeli, kaacha mstari mweupe kwenye mlango wa gari langu la kijivu mati. Kijana wa kuosha magari anasema apige polishi, dakika tano tu. Nimruhusu? (Tanga)*

Marahaba. Usimruhusu hata dakika moja. Rangi ya mati haing'ai kwa sababu klia yake (tabaka la juu lisilo na rangi) ina vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyotawanya mwanga. Polishi huvisaga, na pale iliposugua pataachwa kiraka kinachong'aa. Dawa ya meno hufanya hivyohivyo, maana nayo inasaga.

Osha kwanza kwa maji mengi na shampuu ya gari isiyo na nta, kisha pitisha ukucha. Usipokwama, huenda huo si mkwaruzo, ni mpira wa mpini wa baiskeli uliojipaka mlangoni. Loanisha kitambaa laini cha maikrofaiba kwa kisafishia rangi ya mati, gusagusa bila kukandamiza. Mingi ninayoletewa kama mikwaruzo huishia hapo.

*Nimechelewa, boneti imeshapigwa polishi na kiraka kinang'aa. Nikikikwangua kwa msasa laini si itarudi mati? (Morogoro)*

Utapata kiraka chenye mistari. Boneti yote ipigwe msasa, ipuliziwe klia ya mati upya kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa rangi ya kung'aa fundi anaweza kupulizia kipande, akapolishi mpaka wa zamani na mpya ukapotea. Kwenye mati mpaka huo hauna pa kujificha.

Halafu kuna suala la kufanana. Kiasi cha mng'ao hutegemea kopo limekorogwa vipi (unga wa kuua mng'ao hutuama chini), klia imepigwa nzito au nyepesi, hata joto la siku hiyo. Mwambie fundi apulizie kwanza kipande cha bati, kikikauka mkilinganishe na madigadi juani. Akikataa, tafuta mwingine. Na vumbi likitua kwenye klia mbichi hakuna kulipolishi, kwa hiyo kazi ya chini ya mwembe hapana.

*Tangi la pikipiki yangu limeanza kung'aa ninapobana magoti. Nifanyeje? (Mwanza)*

Suruali yako ndiyo polishi. Mati haitarudi, bandika pedi za mpira pande zote mbili, bora zaidi pikipiki ikiwa bado mpya.

*Gari langu ni stika ya mati, si rangi. Kuna tofauti? (Nairobi)*

Kubwa, na nafuu kwako. Alama nyepesi huweza kulegea ukiipasha kwa mashine ya kukausha nywele, kwa mbali na huku ukiisogezasogeza. Stika iliyochanika, badilisha kipande cha sehemu hiyo tu.

*Kokoto imetoboa rangi ya bampa la chuma hadi chuma kinaonekana. Ni kadoa tu, nikaache? (Mombasa)*

Kwa hewa ya chumvi ya huko, usikaache. Safisha, kausha, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi ya kurekebishia yenye namba ya rangi ya gari lako, dondosha ndani ya kitundu tu. Ikifurika pembeni, ifute palepale kabla haijakauka. Ukisogea karibu utakaona kadoa, lakini kutu haitaingia kirahisi.