Yungiyungi halichanui

SWALI: Yungiyungi langu, lile ua la majini, lina majani tele ila halitoi maua, na maji ya bwawa yamegeuka kijani. Nimelipanda kwenye ndoo ya samadi, chini ya mwembe. – Msomaji, Tanga

JIBU: Lihamishe, ndugu msomaji; kivulini halitachanua. Linataka jua kwa muda wa saa 6 kila siku. Samadi nayo huyeyuka majini ikalisha mwani, vijimea vya kijani vya majini, ndiyo sababu ya ule ukijani. Lipande upya kwenye beseni pana la lita 15, udongo wa mfinyanzi mtupu, juu kokoto sentimita 2. Ncha ya chipukizi ibaki wazi, ukiifukia huoza. Maji yasimame sentimita 30 juu ya beseni. Maji ya kisima yenye chumvi usitumie kabisa.