Re: Mfumo wa mikopo unakataa wakulima wa viazi, nianzie wapi?
Habari mkuu. Kwa hiyo huo mfumo wa akili mnemba hapo saccos yenu Uyole unawapiga chini wakulima wa viazi na meneja anasema kompyuta ndo imeamua, hapana, msikubali kabisa. Angalia kwanza mfumo unasoma nini, mimi hapa Mbeya niliukuta unahesabu miamala ya simu ya miezi mitatu tu, sasa mkulima hela inaingia akivuna, miezi mingine simu iko kimya, anaonekana hana kipato. Toa mafaili ya waliokataliwa ambao walishalipa vizuri huko nyuma, peleka kamati ya mikopo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mteja haki ya kudai asiamuliwe na mashine peke yake, kwa hiyo mimi ningetaka awepo mtu wa kusaini na kumweleza sababu. Mkataba wenu na muuzaji sijauona, ila kama hataki kusema mfumo unapimaje wateja, ningeusimamisha huo mfumo.